Kikijaa, Nani Atatoa? Choo cha Mboji Katika Mji wa Lava

Ukisikia Goma, mashariki mwa Kongo, chuma kinagonga jiwe tangu asubuhi hadi jioni, leo, kesho na keshokutwa, ujue kuna parseli, yaani kiwanja cha nyumba, inayochimba choo. Fundi ananyanyua mtaimbo, anaushusha, cheche inaruka, na kipande cheusi cha ukubwa wa ngumi ya mtoto kinabanduka. Majirani zetu wa Ndosho walichimba hivyo karibu mwezi mzima. Shimo lilipomfika fundi kifuani, pesa ya mwenye parseli ikaisha, na choo kikajengwa hapo hapo. Nyumba sita za wapangaji zikakitumia. Mwaka wa pili haukwisha, kikawa kimejaa.

Jiwe hilo ni lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo. Mlima ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, na usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ikashuka mpaka Buhene ndipo ikasimama. Tunaishi juu ya mawe ambayo juzi tu yalikuwa moto. Udongo ni mwembamba, kuna mitaa haupo kabisa, na anayetaka kupanda lengalenga, yaani mchicha, nyuma ya nyumba hununua udongo unaoletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mfuko kwa mfuko.

Kuna wenye bahati, au wanaojiona wana bahati. Hao wakichimba hukutana na ufa. Lava ikipoa hupasuka, huacha nyufa na hata mapango, na choo kilichoangukia ufa hakijai. Miaka kumi, hakijai. Mwenye nyumba husimulia kwa furaha, na mimi humwelewa, kwa sababu ameokoa pesa nyingi. Lakini kilichoshuka hakikupotea. Mvua inakisukuma chini kwa chini, na chini katika mji wetu maana yake ni ziwani Kivu, kule kule ambako mabidoni ya njano, yaani madumu ya maji, hujazwa kila asubuhi. Kipindupindu hapa ni mwenyeji. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Jiwe lilikataa vyoo, likakataa hata makaburi.

Kwa hiyo wazo la choo kisichochimbwa, kisichotumia maji, na ambacho mwishoni kinakuachia mbolea, lingepaswa kupokelewa hapa kwa vigelegele. Halikupokelewa hivyo. Nilikuwapo kwenye mkutano mmoja wa mtaa ambapo wageni wa mradi walileta picha za mahindi mawili, moja jembamba la njano, jingine nene la kijani, wakaeleza habari za virutubisho kwa saa nzima. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono: "Ikiyala, nani atatosha?" Kwa Kiswahili cha kwetu, yaani kikijaa, nani atatoa. Wakamjibu kwamba kinachotoka si kinyesi tena, ni udongo. Akasema, "Ndiyo papa, nimesikia. Nani atatosha?" Wakaendelea na picha.

Swali la mama yule ndilo moyo wa jambo zima. Watu wengi wanaoandika kuhusu vyoo hivi hudhani kizuizi ni ujinga, au ushamba, au mila, na kwamba mtu akielimishwa atakubali. Sivyo nilivyoona. Watu wa Goma wanaelewa upesi kwamba kinyesi kinageuka mbolea. Wengi wametoka Masisi, Rutshuru au Kalehe, na samadi ya ng'ombe wanaijua kuliko mtaalamu. Wanachokikataa ni kazi ambayo hakuna aliyesema itakuwa ya nani.

Kabla ya kufika huko, tutenganishe vitu viwili ambavyo hata mafundi huvichanganya. Choo cha mboji hasa ni kile kinachoozesha. Kinahitaji hewa, unyevu kidogo, na kitu kikavu kilichotokana na mmea: maranda, unga wa mbao, majani makavu, maganda ya kahawa. Vijidudu hula mchanganyiko huo, na lundo likiwa kubwa na limepangwa vizuri hupata joto la kweli, la kukufanya uondoe mkono. Aina ya pili ni choo kikavu kinachotenga mkojo. Hiki hakiozeshi, kinakausha. Sakafu yake ina tundu la mbele la mkojo, ambao unapita kwenye bomba hadi kwenye bidoni, na tundu la nyuma la haja kubwa, ambayo inaangukia chumba kikavu. Anayemaliza hamwagi maji, anamwaga kopo la majivu. Majivu hufyonza unyevu, hukata harufu, na magadi yake huua vimelea.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Majivu mengi kwenye choo cha kuozesha yanaua vile vijidudu unavyovitegemea. Maji kwenye choo cha kukausha yanakupa uji, nzi na harufu ya kukimbiza mtaa. Nimeona choo cha kukausha ambacho wenyeji waliambiwa ni "cha mboji", basi kwa utii wakatia humo maganda ya ndizi na mabaki ya sombe, yaani kisamvu. Baada ya miezi mitatu kikawa tope. Ukiwauliza leo, watakuambia vyoo vya mboji vinanuka. Wana haki kusema hivyo. Chao kilinuka.

Kwa Goma, cha kukausha ndicho kinachofaa zaidi, na sababu ni za hapa hapa. Vyumba vyake viwili, kimoja kikijaa kinafungwa kikauke na kingine kinatumika, hujengwa juu ya jiwe, hakuna kuchimba. Majivu yapo kila nyumba, kwa kuwa tunapikia makaa, au makala kama tunavyoyaita. Na kuna jambo ambalo mgeni halijui mpaka aambiwe: sehemu kama Mugunga na kando ya ziwa dogo la Lac Vert, mashimo na mabonde hukusanya mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, kaboni dayoksaidi nzito isiyoonekana wala kunusika, inayoua mbuzi na watu. Asiyelazimika kuchimba shimo huko, asichimbe.

Na ndani ya hicho tunachokitupa kuna nini? Mtu mzima hutoa takriban lita 500 za mkojo kwa mwaka na kama lita 50 za kinyesi. Wengi hushangaa wakisikia kwamba utajiri uko kwenye mkojo. Sehemu kubwa sana ya nitrojeni, na zaidi ya nusu ya fosforasi, hutoka huko. Hesabu zilizofanywa kwa vyakula vya nchi kama Uganda, ambavyo havitofautiani sana na vyetu, zinaonyesha mkojo wa mtu mmoja una takriban kilo 2.2 za nitrojeni kwa mwaka. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Basi parseli yenye watu 10 inakojoa kila mwaka kiasi cha nitrojeni kinachokaribia mfuko mzima wa urea, ingawa sehemu huruka hewani ikiwa bidoni haina kifuniko. Ukichanganya mkojo na maji, kipimo kimoja kwa vitatu hadi kumi, ukamwaga kwenye shina na si kwenye majani, ukaacha mwezi mmoja kabla ya kuvuna, mahindi na kabichi hujibu ndani ya siku chache. Wakulima wa Kibumba wanaolisha Goma kabichi na karoti wangejua la kufanya nao.

Kinyesi chenyewe kinatoa mbolea kidogo zaidi, lakini kinatoa kitu ambacho lava haina: udongo wenyewe. Mboji hushika maji. Katika mji ambamo watu hununua udongo kwa mfuko, hilo si dogo.

Sasa tuje kwenye kinyaa. Lugha yetu imeshayaweka pamoja: kunya, kinyesi, kinyaa, yote ni mzizi mmoja. (Hata mvua nayo hunya, lakini hilo halimkeri mtu.) Kinyaa si upumbavu. Ni kinga ya kale iliyowaweka hai watu ambao hawakuwahi kusikia neno bakteria. Ila kina kanuni zake, na kanuni hizo si za maabara. Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Rozin na wenzake walichapisha mwaka 1986 jaribio ambalo limebaki maarufu: waliwapa watu peremende tamu ya chokoleti iliyofinyangwa kwa umbo la mavi ya mbwa. Watu walijua ni chokoleti tupu, na bado wengi waliikwepa. Rozin alieleza kwamba akili zetu hushika sheria mbili: kinachofanana na uchafu ni uchafu, na kilichowahi kugusa uchafu kimegusa milele.

Sheria hizo mbili ukizijua, mengi yanafunguka. Ndiyo maana mtu anayekataa mboji akiisikia kwa jina huinusa na kuichambua kwa vidole akiwekewa mbele bila maneno mengi, kwa sababu haifanani tena na ilikotoka. Na ndiyo maana mtu huyo huyo atakubali mboji ile kwenye mgomba, kwenye mti wa avokado, kwenye maua, hata kwenye mahindi, halafu akakataa katakata kwenye saladi au nyanya. Umbali kati ya mbolea na mdomo unapimwa. Mgomba una shina refu katikati, hindi lina ganda, saladi inalala juu ya udongo. Mizani hiyo ya kinyaa inakaribiana sana na ya wataalamu wa afya, ambao nao wanaonya zaidi kuhusu mboga za kuliwa mbichi. Mama wa Majengo anayesema "mahindi sawa, saladi hapana" hahitaji kurekebishwa.

Penye kosa ni kwingine. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Walikuwa na maana yao kuhusu mambo yaliyopita, lakini hata kwa maana ya wazi wazi ni kweli: kinyesi kilichokaa na majivu miezi minne hakinuki. Na hapo kinyaa kinalala. Mtu anaona udongo mkavu wa kijivu, hauna harufu, anadhani umekuwa salama. Bakteria wa kipindupindu ni dhaifu mahali pakavu, hawadumu. Mayai ya minyoo ya tumbo, hasa ile mirefu ya askarisi, ni jambo jingine. Yana ganda gumu, yanasubiri. Pua haiyaoni.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unatoa muda kulingana na joto. Mahali penye nyuzijoto kati ya 20 na 35, kinyesi kikavu kikae zaidi ya mwaka mmoja. Mahali penye kati ya 2 na 20, kikae mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Majivu au chokaa ikitiwa ya kutosha, muda unaweza kushuka hadi miezi sita na zaidi. Ikiwa ni kuozesha, lundo zima lipite nyuzijoto 50 kwa wiki moja au zaidi. Sasa angalia Goma iko wapi: karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto ukiwa karibu nyuzi 20. Tuko mpakani kabisa. Kipeperushi kilichoandikwa kwa ajili ya Mombasa au Kalemie, chenye "mwaka mmoja unatosha", kwetu hakitoshi. Mimi ningehesabu miaka miwili, na majivu juu yake.

Vietnam ina somo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Choo cha vyumba viwili kilianza kuenezwa huko tangu miaka ya 1950, na kinyesi kama mbolea ni desturi ya zamani sana. Hakuna wa kushawishiwa. Lakini msimu wa kupanda hausubiri. Katika mikoa ya katikati wakulima wengi walikuwa wakifungua chumba baada ya miezi mitatu au minne kwa sababu shamba lilikuwa tayari, na minyoo ikabaki kwenye matumbo ya watu. Kukubali peke yake hakuponyi. Anayeona kinyaa huogopa kupita kiasi, aliyezoea huogopa kidogo mno. Ninachotamani Goma ni watu wanaogusa mboji bila woga na wasioifungua kabla ya siku yake.

Turudi kwa mama wa mkutano.

Baada ya kipindupindu cha 2000 na 2001 katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, manispaa ya eThekwini, yaani Durban na viunga vyake, ilijenga vyoo vikavu vya kutenga mkojo kwa familia za pembezoni, zaidi ya 75,000. Hakuna mji Afrika uliojaribu kwa ukubwa huo. Vyoo vilijengwa bure, watu walifundishwa nyumba kwa nyumba, na kazi ya kutoa ikaachiwa familia. Watafiti waliporudi miaka kadhaa baadaye walikuta wengi hawajaridhika. Walilalamikia harufu, walichukia kutoa, na zaidi ya hapo walisema wazi kwamba wanataka choo cha kuvuta maji kama cha watu wa mjini. Choo kikavu kiliwaambia kila siku kwamba wao ni raia wa daraja la pili. Baadaye manispaa yenyewe ilichukua mzigo wa kuzoa.

Hilo la heshima linagusa Goma moja kwa moja. Choo kilichojengwa juu ya jiwe kina ngazi, nne au tano. Parseli nzima inakuona unapanda. Binti wa miaka 14 hataki kuonekana, mkwe aliyekuja kutembea hataki kuonekana, mama mwenye mimba ya miezi minane anaogopa kuteleza. Mwenye pesa Himbi anajenga cha kukaa na kuvuta, hata kama maji yanakuja mara mbili kwa wiki na shimo lake linavuja kuelekea ziwani. Mgeni akija na kusifu choo kikavu kwa ajili ya Ndosho huku yeye analala hotelini kwenye vigae vyeupe, watu wanaona. Hawasemi, lakini wanaona.

Haiti ilichukua njia nyingine. Shirika la SOIL, lililoanzishwa mwaka 2006, liliacha kumtegemea mwenye nyumba kwa kazi ile. Familia inalipa ada kila mwezi, inapata choo chenye ndoo na makapi makavu ya mimea ya kufunikia, na kila wiki mfanyakazi anakuja kuchukua ndoo iliyofungwa na kuacha nyingine safi. Kinyesi kinaozeshwa mbali na nyumba, kwenye malundo makubwa yanayopimwa joto. Nairobi, kampuni ya Sanergy ilifanya jambo linalokaribiana na hilo katika mitaa ya mabanda ya Mukuru tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Familia haikutani na kinyesi chake mara ya pili, na swali la nani atatoa linajibiwa kabla choo hakijajengwa. Udhaifu wake ni kwamba huduma hiyo haijitegemei kwa mauzo ya mboji. Mboji ni nzito na bei yake ni ndogo, hivyo lazima mtu mwingine aongeze pesa. Na gari au mkokoteni lazima upite kila wiki, vita au amani.

Hapo Goma inanitia wasiwasi. Tarehe 27 Mei 2021 mitaa kumi iliamriwa kuhama ndani ya siku moja, watu wakaenda Sake, Gisenyi, Bukavu. Mwanzoni mwa 2025 mji ulitwaliwa na kambi za wakimbizi zilizouzunguka zikabomolewa ndani ya wiki chache. Choo cha kukausha kinadai miaka miwili ya kukaa mahali pamoja. Cha ndoo kinadai barabara iliyo wazi kila wiki. Vyote viwili vinadai utulivu ambao hatukuwa nao. Kati ya hivyo viwili naona cha kukausha kinastahimili zaidi: watu wakikimbia, chumba kinabaki kimefungwa, kinaendelea kukauka chenyewe.

Lakini kinamhitaji mtu wa kumiliki kazi, na wengi wetu ni wapangaji. Mpangaji aliyelipa garanti ya miezi mitatu hawezi kufikiria mboji ya miaka miwili ijayo. Mwenye parseli anaishi kwingine, haoni kwa nini akae na bidoni za mkojo. Osaka ya zamani, huko Japani, walikuwa na mgogoro huo huo, ila umegeuzwa. Kinyesi kilikuwa na bei kubwa kwa wakulima kiasi kwamba kilihesabiwa mali: cha haja kubwa kilikuwa cha mwenye nyumba, mkojo ulikuwa wa wapangaji, kila upande ukiuza cha kwake. Wapangaji wakipungua, kodi ya waliobaki ingeweza kupandishwa, maana na mapato ya choo yamepungua. Hakuna aliyewahubiria wasione kinyaa. Kila mtu alijua kilicho chake.

Tusisahau mambo ya maji. Waislamu wa Birere, na si wao peke yao, hujisafisha kwa maji, na maji ni sumu ya choo kikavu. Jibu lipo, na ni la fundi: tundu la tatu pembeni, lenye mfereji wake wa kokoto, mtu anasogea hatua moja na kutawadha hapo. Choo kisichokuwa na tundu hilo kimeshaamua nani hatakitumia. Kuhusu unajisi wenyewe, mafakihi wana mjadala mrefu juu ya kitu kinachobadilika asili yake, na madhehebu hayakubaliani. Mwaka 1978 baraza la wanazuoni wakubwa wa Saudia lilikubali hata maji taka yaliyosafishwa kikamilifu yatumike kwa udhu. Kwa Wakristo, Kumbukumbu la Torati 23 inaamuru kila mtu kambini awe na kijiti cha kuchimbia, na akimaliza ageuke akifunike kilichomtoka. Mwinjilisti mmoja wa kwetu aliisoma mistari hiyo ibadani akiwa ameshika kopo la majivu. Watoto hawajasahau.

Na kwa wale wasiolima kabisa, mboji siyo faida pekee. Ng'ambo tu ya Bukavu, gereza la Cyangugu nchini Rwanda lilianza mwaka 2001 kupikia gesi inayotokana na vyoo vyake, kazi ya wahandisi wa taasisi ya teknolojia ya Kigali, ambao mwaka 2005 walipewa tuzo ya Ashden. Kuni zilipungua karibu nusu. Gesi hiyo ni methani, ile ile iliyojaa chini ya ziwa Kivu na inayowasha umeme huko Karongi. Shule ya bweni ya Goma inayonunua makaa yaliyokatwa katika hifadhi ya Virunga ingepata hapo kitu inachokielewa mara moja: sufuria inachemka. Kwa familia moja haifai, kinyesi cha watu wanane hakitoshi kupika maharage. Kwa taasisi ya watu mia tano ni hesabu nyingine.

Mama mkubwa wangu, anayekaa Mugunga, ana choo cha vyumba viwili. Parseli yake ina nyumba nne. Kabla hajajenga aliwaita wapangaji wote, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya mti wa avokado, na hawakuzungumza juu ya virutubisho hata kidogo. Walizungumza juu ya majivu: kila nyumba italeta yake kila jioni kwenye pipa lililo chini ya ngazi. Walizungumza juu ya watoto, kwamba kinyesi chao nacho ni kinyesi, kisitupwe kwenye jalala. Walizungumza juu ya wanaume kukojoa wamesimama, na hapo wakacheka sana, halafu wakaamua kuweka mkojozo ukutani. Mwisho wakakubaliana kila nyumba itoe kiasi kidogo kila mwezi, kiwekwe kando kwa ajili ya kijana wa jirani anayesukuma chukudu. Yeye atapewa buti, glovu na koleo, na mboji yote ni yake, auze au apande.

Chumba cha kwanza kilipojaa walikipiga lipu. Juu ya lipu, kwa kipande cha makala, mama mkubwa aliandika tarehe ya kufunga, chini yake tarehe ya kufungua, miaka miwili mbele, na chini ya hiyo jina la yule kijana. Mvua imeyafuta maandishi mara mbili. Mara zote mbili ni kijana mwenyewe aliyekuja kuyaandika upya.